Vigeu vya kukokotoa katika utafiti wa kufuatilia watoto tangu kuzaliwa: mfano wa MAL-ED na Haydom

Ukifungua faili la data la utafiti uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, utaona kwamba vigeu vingi (safuwima za data) unavyovitaka kwenye uchambuzi havikuandikwa na mdodosaji yeyote. Mdodosaji aliandika tarehe, sentimita, kilo, "ndiyo", "hapana", na mara ngapi mtoto ameharisha tangu jana. Udumavu, hali ya uchumi ya kaya, kipindi cha kuharisha, alama ya maendeleo ya utambuzi: hivyo vilikokotolewa baadaye, na kila kimoja kimebeba maamuzi ambayo jedwali la matokeo halikuonyeshi. Naandika kwa ajili ya wanafunzi wa shahada za juu na maofisa wa data wanaoanza kushika data za aina hii. Wengi hupokea kigeu kilichokwisha kutengenezwa wakakitumia kama kilivyo, kana kwamba kilisomwa moja kwa moja kwenye mizani.

Mfano wangu ni MAL-ED, utafiti wa utapiamlo, maambukizi ya tumbo na maendeleo ya mtoto uliofanyika katika vituo vinane: Dhaka (Bangladesh), Fortaleza (Brazili), Vellore (India), Bhaktapur (Nepali), Loreto (Peru), Naushahro Feroze (Pakistani), Venda (Afrika Kusini) na Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara (Tanzania). Watoto 2,145 waliandikishwa kati ya Novemba 2009 na Februari 2012, kila mmoja ndani ya siku 17 tangu kuzaliwa, wakafuatiliwa hadi miezi 24. Wadodosaji walipita nyumbani mara mbili kwa wiki, na urefu na uzito vilipimwa kila mwezi. Baadaye ufuatiliaji uliendelezwa hadi miaka mitano. Data zake ziliwekwa kwenye ClinEpiDB, hifadhi ya mtandaoni ya data za tafiti za afya, kwa hiyo karibu yote nitakayoyaeleza unaweza kuyajaribu mwenyewe.

Tuanze na umri, kwa sababu karibu kila kigeu cha ukuaji kinautegemea. Umri ni tarehe ya kipimo kutoa tarehe ya kuzaliwa, kwa siku. Ukitaka miezi, gawanya kwa 30.4375 na usikate desimali. Kosa la kawaida ni kutumia mwezi wa ratiba ("kipimo cha mwezi wa 1") badala ya tarehe halisi. Kwenye umri wa miaka minne tofauti ya siku 10 haina uzito. Kwa mtoto mchanga ina uzito mkubwa sana: viwango vya WHO vinaonyesha mvulana wa kawaida anatoka sentimita 49.9 anapozaliwa hadi 54.7 akiwa na mwezi mmoja, yaani karibu sentimita 1.6 kwa kila siku 10. Mkengeuko sanifu katika umri huo ni takribani sentimita 1.9. Mtoto aliyefikiwa siku 10 baada ya ratiba, akahesabiwa kama aliyepimwa kwa wakati, anaongezewa karibu 0.8 kwenye alama yake ya z (umbali wake kutoka thamani ya kati, kwa mikengeuko sanifu) bila kukua kuliko kawaida. Na wanaochelewa kufikiwa mara nyingi ni wa kaya za mbali na barabara, kwa hiyo kosa hilo linaelemea upande mmoja.

Alama ya z yenyewe inapatikana kwa thamani tatu za jedwali la WHO la 2006 kwa umri na jinsi husika: L (kipeo kinachorekebisha mgawanyo ulioelemea upande mmoja), M (thamani ya kati) na S (mtawanyiko). Gawanya kipimo kwa M, pandisha matokeo kwa kipeo L, toa 1, kisha gawanya kwa L mara S. Kwa urefu, L ni 1, hivyo hesabu inakuwa nyepesi: kipimo kutoa thamani ya kati, gawanya kwa mkengeuko sanifu. Kwa uzito, kuna hatua ambayo wanaoandika programu zao wenyewe huiruka. Alama ikizidi +3 au ikishuka chini ya −3, WHO haiendelei na fomula hiyo. Inapima umbali kutoka kwenye mstari wa 3 kwa kutumia nafasi iliyopo kati ya mstari wa 2 na wa 3. Ukiiruka, watoto waliokonda sana na walionenepa sana watapata namba tofauti na za programu ya WHO, nawe utashinda mchana kutwa ukitafuta sababu.

Kuna watu husema viwango hivi ni vya Wazungu. Sivyo. Watoto waliotumika kuvitengeneza walitoka Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis, na walichaguliwa kwa sababu mazingira yao yaliwaruhusu kukua vizuri, wakinyonyeshwa na mama wasiovuta sigara.

Sasa suala la kulala na kusimama, ambalo naliona ndilo linaloharibu data nyingi kimyakimya. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa akiwa amelala kwenye ubao. Kuanzia miaka miwili hupimwa akiwa amesimama. Mtoto yuleyule akilala hutoka mrefu kwa sentimita 0.7 hivi, ndiyo maana jedwali la WHO lina thamani mbili za kati kwa mvulana wa miezi 24: 87.8161 kwa kulala na 87.1161 kwa kusimama, mkengeuko sanifu wa zote mbili ukiwa 3.0551. Mchukulie mvulana aliyepimwa amelala kwenye ziara ya mwezi wa 24, ubao ukasoma 81.4. Alama yake sahihi ni 81.4 kutoa 87.8161, gawanya kwa 3.0551: −2.10. Iko chini ya −2, kwa hiyo amedumaa. Lakini ziara ilichelewa kidogo, akawa amevuka siku 730, na safuwima inayosema "amelala au amesimama" ikaachwa tupu. Programu ikiona umri huo bila maelezo hudhani amesimama, ikatumia 87.1161, na alama ikawa −1.87. Mtoto ametoka kwenye orodha ya udumavu na hakuna onyo lolote lililojitokeza kwenye kioo. Kwa hiyo kabla ya kuendesha programu, hesabu kwanza ni wangapi wamevuka siku 730 huku namna ya kupima haikuandikwa, na ujaze kutokana na itifaki ya kituo.

Mipaka ya thamani zisizowezekana inajulikana: urefu kwa umri chini ya −6 au juu ya +6, uzito kwa umri chini ya −6 au juu ya +5, uzito kwa urefu nje ya −5 na +5. Mipaka hiyo ilitengenezwa kwa tafiti zinazompima mtoto mara moja tu. Ukiwa na vipimo 24 vya mtoto mmoja, una silaha nzuri zaidi. Urefu haupungui. Mtoto aliyekuwa 68.0 mwezi wa nane akawa 65.5 mwezi wa tisa atapita mipaka ya WHO bila shida, ilhali kipimo kimoja kati ya viwili ni kibovu. Rudi kwenye fomu ya karatasi: mara nyingi utakuta tarakimu zimebadilishana nafasi wakati wa kuingiza, 76.4 ikawa 67.4, au mpimaji alikubali goti lililokunjwa. Angalia pia desimali. Kama theluthi ya urefu wote inaishia na .0 au .5, wapimaji wanakadiria. Katika MAL-ED, ukaguzi wa ubora ulionyesha tatizo kwenye sehemu ya vipimo vya urefu vya kituo cha Pakistani, na machapisho mengi ya ukuaji yakaacha vipimo hivyo nje na kueleza kwa nini. Huo ni uungwana wa kitaalamu. Kukokotoa alama za z kutokana na urefu unaoutilia shaka hakuufanyi uwe sahihi.

Jambo moja zaidi kuhusu urefu, kwa wanaotaka kujua kama mtoto "amefidia". Mvulana mwenye sentimita 81.0 akiwa na miezi 24 yuko kwenye −2, pungufu ya sentimita 6.1 kutoka thamani ya kati. Afikishe sentimita 102.0 akiwa na miezi 60, ambapo thamani ya kati ni 110.0 na mstari wa −2 ni 100.7. Alama yake sasa ni karibu −1.7, na kwenye grafu utaandika kwamba hali imeboreka. Kwa sentimita, pengo limekua kutoka 6.1 hadi 8.0. Hakuna namba iliyokosewa: mkengeuko sanifu unapanuka kadiri umri unavyoongezeka. Ndiyo maana nashauri kila faili la ufuatiliaji liwe na vigeu viwili, alama ya z na pengo kwa sentimita, na swali la kufidia lijibiwe kwa hicho cha pili.

Hali ya uchumi ya kaya ni mahali ambapo uamuzi wa mtu unaonekana waziwazi. MAL-ED ilitengeneza kielezo kiitwacho WAMI, chenye sehemu nne, kila moja ikiwa na alama hadi 8. Ya kwanza ni maji na choo: chanzo cha maji kilichoboreshwa alama 4, choo kilichoboreshwa alama 4. Ya pili ni vitu na hali ya nyumba, alama moja kwa kila kimoja kati ya vinane: chumba cha pekee cha kupikia, akaunti ya benki, godoro, friji, televisheni, meza, kiti au benchi, na msongamano mdogo wa watu kwa chumba. Ya tatu ni elimu ya mama: miaka ya shule, isiyozidi 16, gawanya kwa 2. Ya nne ni kipato cha mwezi kilichogawanywa katika mafungu manane, 1 hadi 8. Jumla ni 32. Gawanya kwa 32 upate namba kati ya 0 na 1.

Tuihesabu kaya moja ya kubuni. Bomba la kijiji: 4. Choo cha shimo kilichoandikwa "hakina sakafu": 0. Godoro, meza na benchi: 3. Mama kamaliza darasa la saba: 3.5. Kipato fungu la pili: 2. Jumla 12.5, gawanya kwa 32, WAMI ni 0.39. Sasa mdodosaji mwingine aingie uani, aone magogo yaliyosilibwa udongo mgumu, aandike "kina sakafu". Jumla inakuwa 16.5 na WAMI 0.52. Tofauti hiyo inazidi ile ya mama mwenye darasa la saba na mama aliyefika kidato cha sita, maana miaka sita zaidi ya shule huongeza alama 3 tu. Swali la choo ndilo linalostahili picha kwenye mwongozo wa mdodosaji, pamoja na maelekezo kuhusu choo cha kushirikiana na jirani, ambacho kwa ufafanuzi wa kimataifa wa kipindi kile hakikuhesabiwa kuwa kimeboreshwa hata kiwe kizuri namna gani.

Kipato nacho kina mtego. Mafungu manane ya WAMI yalikatwa kutokana na kaya za vituo vyote vinane kwa pamoja. Mtafiti anayetaka kutumia WAMI Kigoma au Kilifi akikata mafungu mapya kutokana na kaya zake mwenyewe, atapata kielezo kinachopanga kaya zake vizuri, ila hakilinganishwi tena na Haydom wala Loreto. Ama atumie mipaka ya awali baada ya kurekebisha thamani ya fedha, ama akipe kielezo chake jina lingine. Na kaya za wafugaji na wakulima haziishi kwa mshahara wa mwezi. Kipato kilichoulizwa baada ya mavuno na kilichoulizwa kabla yake ni namba mbili tofauti za kaya ileile. Wastani wa ziara kadhaa ni bora kuliko ziara moja.

Kuharisha kunahitaji kanuni tatu. Siku ya kuharisha ni siku yenye kinyesi laini mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, au mara moja kikiwa na damu. Kipindi kinakwisha zikipita siku mbili kamili bila kuharisha. Kiwango kinagawanywa kwa siku zilizoangaliwa. Kanuni ya siku mbili inaonekana ndogo, basi ijaribu kwenye wiki moja: Jumatatu ndiyo, Jumanne ndiyo, Jumatano hapana, Alhamisi ndiyo, Ijumaa hapana, Jumamosi hapana, Jumapili ndiyo. Kwa kanuni ya siku mbili una vipindi viwili, cha Jumatatu hadi Alhamisi na kinachoanza Jumapili. Kwa kanuni ya siku moja una vipindi vitatu. Kwa siku tatu una kimoja. Ukilinganisha idadi ya vipindi kati ya tafiti mbili, soma kwanza kanuni hiyo kabla hujasema lolote kuhusu maji ya mahali hapo.

Kosa baya zaidi hapa ni la kiufundi. Siku ambayo mdodosaji hakumkuta mtu mara nyingi haina mstari kabisa kwenye faili. Programu ikiangalia "mstari uliotangulia", inaiona Jumatatu na Alhamisi kuwa ni siku zinazofuatana. Kwa hiyo jenga kwanza kalenda kamili ya kila mtoto, mstari mmoja kwa kila siku tangu kuandikishwa hadi siku ya mwisho ya kuonekana, ndipo uunganishe na ripoti. Siku zisizojulikana zibaki zisizojulikana, usizijaze sifuri. Kwa mtoto aliyehama siku ya 400, gawanya kwa siku zake, usigawanye kwa 730.

Kunyonya maziwa ya mama pekee kunafuata mantiki hiyohiyo, nami nitapita haraka: swali la "jana" na swali la "tangu azaliwe" hutoa vigeu viwili visivyobadilishana. Mtoto aliyepewa maji siku ya 40 akarudi kwenye maziwa pekee ni "ndiyo" kwa la kwanza na "hapana" kwa la pili.

Maendeleo ya mtoto yalipimwa kwa Bayley-III, mtihani wa maendeleo ya watoto wadogo, na mtego wake uko kwenye namna ya kujumlisha. Mtoto haanzi kipengele cha kwanza. Anaanzia kipengele kinacholingana na umri wake. Akifaulu vitatu vya mwanzo mfululizo, vyote vya nyuma anahesabiwa amevipata bila kuulizwa. Akikosa vitano mfululizo, mtihani unasimama. Akianzia kipengele cha 26, basi ana alama 25 mkononi kabla ya kuhesabu chochote. Anayejumlisha safuwima za 0 na 1 kwa amri moja anampokonya mtoto alama hizo 25, na kwa kuwa watoto wakubwa huanzia mbele zaidi, wao ndio wanaoonekana kurudi nyuma. Ukiona grafu ya alama ghafi inashuka kadiri umri unavyopanda, hapo ndipo pa kuanzia. Kwa mtoto njiti, punguza wiki alizowahi kabla ya kuchagua mahali pa kuanzia, hadi afikishe miezi 24: aliyezaliwa na wiki 32 anapunguziwa wiki 8.

Alama zenye wastani wa 100 na mkengeuko wa 15 zinatokana na watoto wa Marekani. Sioni sababu ya kuzitumia kusema watoto wa Haydom wako chini ya wa Fortaleza. Tafsiri ya maswali, picha zilizobadilishwa na ugeni wa mtoto mbele ya mtu aliyeshika kitabu vyote vimo ndani ya namba hiyo. Ndani ya kituo kimoja, alama ghafi iliyorekebishwa kwa umri wa siku inajibu maswali mengi na haibebi dai isiloweza kulithibitisha. Weka pia kigeu cha nani alipima, kwa sababu wapimaji hutofautiana.

Hali ya akili ya mama kwa SRQ-20, dodoso la dalili za msongo wa akili, ni maswali 20 ya ndiyo na hapana, jumla 0 hadi 20. Ikiwa dodoso limeandika 1 kwa ndiyo na 2 kwa hapana, jumla isiyobadilishwa itakuwa kati ya 20 na 40 na mama mwenye afya njema ndiye atakayepata namba kubwa. Msimbo wa 9 kwa asiyejibu ukiachwa, swali moja lililorukwa linageuka kuwa dalili tisa.

Kwa utumbo, MAL-ED ilipima viashiria vitatu kwenye kinyesi cha kila mwezi kisicho cha kuharisha: maieloperoksidesi, alfa-1-antitripsini na neopterini. Kila kimoja kinapewa 0 kikiwa kwenye robo ya chini, 2 kwenye robo ya juu, 1 katikati. Viwili vya kwanza vinazidishwa kwa 2, neopterini inabaki ilivyo, na jumla ni 0 hadi 10. Robo hizo ni za sampuli yako, hivyo alama ya 6 Haydom si sawa na 6 ya utafiti mwingine. Zingatia pia vizio: kiashiria cha kwanza huripotiwa kwa nanogramu kwa mililita, cha pili kwa miligramu kwa gramu, cha tatu kwa nanomoli kwa lita. Maabara ikisahau kuzidisha kwa kiwango ilichochanganyia sampuli na maji, kundi zima la siku moja litaangukia robo ya chini. Chora thamani kwa tarehe ya maabara kabla ya kukata robo.

Hemoglobini isisahaulike kwa vituo vya nyanda za juu. Jedwali la WHO la 2011, lililobadilishwa na mwongozo wa 2024, lilipunguza gramu 5 kwa lita kwa anayeishi mita 1,500 juu ya bahari na gramu 8 kwa mita 2,000. Bila punguzo hilo, upungufu wa damu Haydom utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Usipunguze mara mbili: kagua kama kituo kimekwisha kupunguza.

Kuhusu utunzaji, data ghafi zikae kwenye folda ambayo programu yako inaweza kusoma tu. Kila kigeu kiwe na mistari michache kwenye kamusi ya data: vigeu ghafi vilivyotumika, kanuni, jedwali la rejea na mwaka wake, utaratibu wa thamani zinazokosekana, tarehe ya toleo. Kanuni ikibadilika, jina la kigeu libadilike pia, kwa mfano waz_v1 (alama ya z ya uzito kwa umri) iwe waz_v2, ili chapisho la mwaka jana liweze kurudiwa. Kisha chagua watoto watano wenye matatizo: aliyevuka siku 730 akiwa amelala, njiti, aliyehama katikati, mwenye msimbo wa 9, mwenye siku zilizokosekana. Wakokotoe kwa mkono kwenye karatasi, na majibu hayo yaingizwe kwenye programu kama jaribio linalojiendesha kila inapowashwa. Namba moja isipolingana, programu isimame na isitoe faili.